Kabla ya cherehani, chumba na mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mlezi wa watoto. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Manzese, Dar es Salaam, si mbali na kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Argentina. Miongoni mwa watoto ninaowapokea kila asubuhi wapo ambao mama zao wanafanya kazi ya kujiuza, na wapo ambao mama zao wameiacha kazi hiyo na wanahangaika wasirudi. Naomba jina langu ulihifadhi, kwa sababu mtu akinijua mimi atawajua na wao.

Kilichonisukuma kuandika ni habari za Uwanja wa Fisi. Mwaka 2025 uongozi wa mkoa ulitangaza kwamba eneo lile, ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa vilabu vya pombe na vibanda vya ngono, litageuzwa kuwa la biashara halali. Mwaka mmoja kabla ya hapo wilaya yetu ya Ubungo ilikuwa na misako ya madada poa, na wapo waliofikishwa mahakamani. Sipingi hata kidogo kwamba pale si mahali pa binadamu kuishi. Nimeingia mara nyingi kumfuata mtoto ambaye hajaletwa, nikapita katikati ya vibanda vya mabati ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na nikatoka na mtoto mgongoni nikiwa sina la kusema. Pavunjwe. Ila katika taarifa nilizozisikia redioni nilitega sikio muda wote nisikie habari za watoto wanaolala mle, na sikuzisikia.

Mtoto anayetoka kule namjua kabla sijaambiwa. Anafika asubuhi, anapewa uji, na kikombe kikiwa bado mkononi usingizi unamchukua. Usiku hakulala. Chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, mgeni akija mtoto anatolewa nje, akakae kwa jirani au pembeni ya jiko la muuza chipsi mpaka aitwe. Wapo wa miaka mitatu ambao mlango ukigongwa wanainuka wenyewe na kutoka, bila mtu kuwaambia. Wiki zao za kwanza kituoni mlango wangu ukigongwa wanasimama, wanaangalia viatu vyao viko wapi. Hilo haliishi kwa siku moja. Huisha mtoto akishapata miezi ya kulala mahali pamoja, na ndiyo maana barua hii ni ya chumba kuliko kitu kingine.

Wanaokuja kuwasaidia akina mama hawa wanakuja na nia njema, na karibu wote huanza na mafunzo: ushonaji, ususi, sabuni za maji, batiki. Mafunzo ni mazuri. Lakini yanakuja mwanzo wakati yangetakiwa kuja baadaye, na ubaya wa mpangilio huo nimeuona kwa macho yangu.

Mama mmoja, mwenye mapacha, alifundishwa ushonaji na mradi mmoja uliopita mtaani kwetu. Jina la mradi silitaji. Alikuwa na mkono mzuri. Sare za watoto wangu alizishona yeye, na mpaka leo zipo zinazovaliwa. Siku ya kumkabidhi cherehani kulikuwa na maturubai, mgeni rasmi na wapiga picha. Haikupita muda kodi yake ikaisha. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, kama wanavyotaka wenye nyumba wengi wa mji huu. Mama akaiweka cherehani rehani kwa mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Marejesho yalikuwa ya kila siku, na fundi mpya hapati mteja kila siku. Cherehani ikachukuliwa, chumba kikafuata. Akarudi alikotoka na mapacha wake, na mimi sikushangaa, kwa sababu danguro lilikuwa na vitu ambavyo mradi haukumpa. Paa analilipia kwa siku, hakuna anayemuuliza mdhamini. Fedha anaipata usiku uleule. Na yupo mtu wa kumtazamia watoto, hata kama mtu huyo ni mlevi.

Naomba wanaopanga miradi wapige hesabu hii. Chumba cha kawaida huku kwetu uswahilini, choo cha nje cha kushirikiana, tuseme ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 300,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, 50,000. Mama hajanunua godoro, ndoo wala jiko la mkaa, tayari anatakiwa awe na 350,000 mkononi, zote kwa siku moja. Mwanamke aliyezoea kupata fedha kidogo kidogo na kuitumia siku hiyohiyo ataitoa wapi kwa njia ya halali? Wakati huohuo anaambiwa akae darasani miezi mitatu bila posho. Mchana anajifunza kukata gauni, na jioni inapoingia watoto wanataka kula.

Kuna jambo la saa, na hili nadhani halijulikani kwa watu wanaofanya kazi ofisini. Biashara za mwanamke maskini wa Dar es Salaam huanza usiku wa manane. Anayekaanga vitumbua anawasha moto saa tisa. Anayefuata ndizi sokoni Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, inampasa awe amefika kabla ya adhana ya alfajiri, akichelewa atakuta wenzake wameshachagua. Wanaofanya usafi kwenye maofisi ya katikati ya jiji, eneo la Posta, wanapanda gari kukiwa bado giza. Vituo vya kulelea watoto tunafungua saa moja. Basi mama aliyeacha kujiuza akaamua kuuza ndizi, mtoto wake wa miaka miwili anamwacha na nani saa kumi alfajiri? Wengine humfungia ndani. Nimewahi kuitwa na majirani kufungua mlango ambao nyuma yake mtoto alikuwa analia tangu alfajiri, na moshi wa mshumaa umejaa chumbani.

Kwa sababu hiyo mimi na msaidizi wangu tulianza kufungua saa kumi alfajiri, kwa kupokezana. Tunatoza shilingi 1,500 kwa siku, uji na chakula cha mchana humo humo, na asiyekuwa nayo leo tunaandika daftarini. Akina mama walioacha kazi ile na hawajarudi, ukiniuliza mimi ni kipi kilichowashikilia, nitasema ni chumba cha kulipa mwezi kwa mwezi na mahali pa kumwacha mtoto alfajiri. Mtaji ulikuja baadaye, na mara nyingi ulikuwa mdogo mno, ndoo ya unga na lita za mafuta. Mmoja wao leo ana meza ya chapati na maharage karibu na gereji za Manzese, anasomesha wawili. Aliyempokea alikuwa bibi mwenye nyumba ambaye alikubali kulipwa kila Jumapili. Hapakuwa na mradi wowote.

Halafu vyeti. Shule za serikali hazina ada tangu mwaka 2016, na jambo hilo limewaokoa watoto wengi wa huku. Lakini mtoto akipelekwa kuandikishwa anaulizwa cheti cha kuzaliwa, na mama anarudi naye nyumbani. Alijifungua akiwa hana mwanamume wa kumwandika, tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, likapotea katika kuhamahama, na kwenda ofisini kwenye foleni ambayo watu wa nyuma wanasikia kila swali anaogopa kuliko anavyoogopa askari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina, uraia na kusajiliwa, bila kuuliza mama yake alikuwa akifanya kazi gani. Nimewasindikiza akina mama kadhaa kwa ajili ya vyeti. Mara nyingi kilichohitajika ni mtu mzima wa kukaa naye kwenye benchi, na swali la baba likifika, mama alijibu kwa sauti ya kawaida: "Baba hayupo, anayeandikisha ni mama." Karani akaendelea na kazi yake. Hii ni huduma ambayo haigharimu zaidi ya nauli, na sijaiona kwenye bango la mradi wowote uliopita huku kwetu.

Wengi niliozungumza nao hawakuja Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Waliletwa kuwa wadada wa kazi, wakitokea Singida, Dodoma, Iringa, wakiwa watoto bado. Mimba ikaingia, wengine humo humo ndani ya nyumba walimofanya kazi, wakafukuzwa na begi lao. Ndugu wa kumpokea mjini hana, na kijijini anaogopa kurudi na tumbo. Ndiyo maana nauli ya kurudi kwao, ambayo baadhi ya wasamaria hutoa, inawafaa wachache tu. Wapo waliorudi wakapokelewa vizuri, namshukuru Mungu. Wapo walioonekana tena stendi baada ya mwezi, mtoto amekonda, kwa sababu huko kila shangazi alitaka kujua baba wa mtoto ni nani. Wale waliokatishwa masomo kwa mimba wana mlango sasa, maana tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu warudi shuleni, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina njia ya kuwasomesha waliokosa sekondari. Nimemwambia binti mmoja habari hizo, macho yakamng'aa, kisha akamtazama mwanawe aliyekuwa amelala mapajani. Akaniuliza, "Na huyu, Mama?" Nilimjibu kwamba huyu atakaa na mimi. Lakini mabinti wa aina yake ni wengi kuliko mikeka niliyonayo.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ni fedha nzuri kwa sababu haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, na nilifurahi iliporudi. Lakini mkopo huu ni wa kikundi. Wanakikundi wanadhaminiana, mmoja akikimbia wenzake ndio wanaolipa. Mama aliyetoka Uwanja wa Fisi mwezi uliopita, asiye na kitambulisho cha taifa, asiyejulikana na mjumbe, nani atakubali jina la mama huyo liandikwe pamoja na lake mwenyewe? Siwalaumu wanaokataa. Anahitaji kwanza mwaka wa kukaa mtaa mmoja, kuonekana msibani na kwenye maji, kucheza kijumbe, yaani kuchangishana fedha kwa zamu, na wenzake na kulipa zamu yake bila kukosa. Akishafika hapo hahitaji mtu wa kumwombea. Kwetu wapo waliofika, na katika kikundi kimojawapo mweka hazina ni mmoja wao. Wenzake wanajua alikotoka na wamemkabidhi daftari.

Nimeulizwa swali ambalo naomba nilijibu hapa, kwa kuwa najua wasomaji wako wengi wanalo. Aliyeniuliza ni mama muuza mihogo, mjane. Alisema, "Mama, mimi mume wangu alikufa akaniachia watoto wanne, nikauza mihogo juani, sikuuza mwili. Mbona mimi hakuna anayefikiria kunilipia kodi?" Aliniuliza kwa uchungu na ni swali la haki. Ndiyo maana mimi sitaki kijengwe kituo cha watoto wa machangudoa. Kijengwe kituo cha watoto wa Manzese, kifunguliwe saa kumi alfajiri, alete mwanawe muuza mihogo, alete mfagiaji, alete na yule aliyetoka danguroni jana, na watoto wavae sare moja. Mtoto aliyetengwa kwa wema bado ametengwa. Wenzake shuleni watajua kile kituo ni cha akina nani, na nimeshasikia mtoto wa darasa la pili akiitwa jina la kazi ya mama yake kwenye bomba la maji, mbele ya watu wazima ambao hawakumkemea aliyemwita.

Kwa sababu hiyohiyo nawasihi wafadhili waache fulana. Mama akivaa fulana yenye maandishi ya mradi wa kuokoa makahaba, mwenye nyumba anaisoma na dalali anaisoma. Picha nazo ni vilevile. Mtoto wa miaka minne anayepigwa picha leo akiwa amekumbatiwa na mgeni rasmi atakuwa na simu yake baada ya miaka kumi, na picha itakuwa bado ipo.

Nirudi kwenye misako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa mwanamke anayezurura barabarani kwa ajili ya biashara hiyo, na sheria ni sheria. Lakini mwanamke akikamatwa saa saba usiku na akawa na mtoto aliyemwacha amelala, mtoto yule anaamka asubuhi peke yake. Nimeletewa mtoto wa namna hiyo na mama wa jirani, hajui mama yake yuko wapi, na ilitupasa kuzunguka vituo vya polisi kumtafuta. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya mtoto aliye hatarini. Naomba kila anayekamatwa usiku aulizwe swali moja kabla ya mengine yote: una mtoto, na yuko wapi sasa hivi? Akijibu, mtu aende.

Na vibanda vikivunjwa, jambo hilo litakuwa kubwa zaidi. Wanawake watatawanyika kwa usiku mmoja, wengine Buguruni, wengine Sinza, wengine kusikojulikana. Wapo wanaotumia dawa za kufubaza makali ya VVU, na kliniki waliyozoea ni ya huku, pamoja na watoto wao waliozaliwa wakiwa wanafuatiliwa. Mtu akihama kwa kukimbia hachukui barua ya uhamisho. Dawa zinakatika. Hili pekee lingetosha kuwafanya viongozi watume maafisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya wapite kibanda kwa kibanda kabla ya tingatinga, waandike nani yupo, ana watoto wangapi, anataka kwenda wapi, anahitaji karatasi gani. Bila majina kusomwa hadharani.

Ombi langu kwa Manispaa ya Ubungo, na kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ni dogo ukilipima na gharama ya tingatinga. Kwa kila mama mwenye mtoto anayetoka pale na kukubali kuanza upya, tengeni kodi ya miezi sita, ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba kila mwezi, fedha isipite mkononi mwa mtu wa katikati. Muwape posho ya chakula wakati wa mafunzo. Tusaidieni sisi wenye vituo tuliosajiliwa kulipa mlezi mmoja wa zamu ya alfajiri. Cherehani zije mwezi wa nne au wa tano, mama akiwa ameshalala vya kutosha na mtoto ameshaanza kucheza.

Wapo watakaosema wenye nyumba hawatakubali kulipwa mwezi mmoja mmoja. Nimeshaongea na baadhi yao hapa Manzese, na wapo walionijibu kwamba watakubali, tena bila dalali, ikiwa kutakuwa na barua ya ofisi yenye muhuri inayosema kodi italipwa tarehe fulani na nani wa kumuuliza ikichelewa. Hawakutaka kujua mama ametoka wapi. Mmoja aliniuliza kitu kimoja tu, kama watoto wanachora ukutani. Mwenye mamlaka ya kuandika barua ya namna hiyo anaweza kunipata kupitia ofisi yako, Ndugu Mhariri, na nitampeleka kwenye vyumba hivyo siku hiyohiyo.

Mlezi wa watoto,
Manzese, Dar es Salaam